Mtu wa mshipi ukienda kuvua trauti mlimani, kwanza inama

Mie nimekulia Tanga, kuvua nimeanza mdogo kabisa, mshipi mkononi, chubwi (kile kipande cha risasi cha kuzamisha uzi) chini, chambo kipande cha pweza, unasubiri changu agonge unavuta. Sasa shemeji yangu anayekaa Nyeri aliponiambia shem njoo tukavue trauti kwa nzi wa bandia, nikaona hiyo kazi ndogo, samaki wa kijito atanishinda nini mimi. Jamani. Siku mbili nzima sikupata hata mmoja, na tatizo halikuwa fimbo wala nzi, tatizo nilikuwa mimi nimesimama wima pale ukingoni kama mnara wa taa wa Ulenge.

Kijito chenyewe kinatoka Mlima Kenya kinaingia mto Sagana, ambao ukishuka ndio huo huo Tana unaokuja kumwaga baharini Kipini, kwa hiyo ukitaka kubisha utasema hata yale ni maji yetu. Lakini ni maji ya baridi mpaka mifupa inauma, na trauti anataka hivyo hivyo, yakipanda joto kupita kama digrii 20 anaanza kuhangaika. Si samaki wa huku asilia, wazungu ndio walimleta, wa kwanza waliwekwa mito ya Aberdare mwaka 1905.

Mzee aliyekuwa anatuongoza alinitazama asubuhi yote bila neno, mwisho akaniuliza, "Kijana, wewe unavua samaki ama unawafukuza?" Akanishika bega akanichuchumaza nyuma ya jiwe akaninyooshea kidole. Nikaangalia, sioni kitu, mara nikaona kivuli kinacheza mkia polepole chini ya povu, kichwa kimeelekea maji yanakotoka. Hapo ndipo nilipoelewa. Trauti anakaa ameutazama mkondo kwa sababu chakula kinaletwa na maji, kwa hiyo ukija kutoka juu anakuona kabla hujafika, ukija kutoka chini unakuwa mgongoni kwake. Na kijito ni hatua tatu unavuka, maji meupe kama kioo, hakuna pa kujificha isipokuwa uwe mfupi. Nguo nyekundu acha nyumbani. Miguu nayo usikanyage kwa kishindo, samaki anausikia mtikisiko wa ardhi. Mie nilimaliza siku nimepiga magoti mpaka suruali ikatoboka.

La pili ni mkono. Sisi tumezoea chubwi ndiyo inayovuta uzi uende, huku nzi ni manyoya na nyuzi zimefungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wowote, kinachorushwa ni uzi wenyewe, mnene na una uzito, halafu mbele kuna nailoni nyembamba. Kwenye video unaona watu wanazungusha uzi hewani mita ishirini, sahau, kwenye kijito nyuma yako kuna miti na juu kuna miti, mie nzi watatu wamebaki kwenye matawi mpaka leo. Chukua fimbo fupi, futi saba hivi inatosha, rusha karibu. Pakibana sana unamshika nzi kwa vidole viwili kwenye kipinda cha ndoana, unavuta fimbo ipinde, unaachia, kama manati vile. Angalia vidole tu.

Nzi akishatua mwache aende na maji, mwendo ule ule wa povu lililo jirani yake. Uzi ukinaswa na mkondo wenye kasi atakokotwa anaacha mistari kama boti ya injini, na hakuna mdudu anayetembea hivyo, trauti atamtazama tu. Dawa yake nyanyua fimbo ili uzi mwingi usiguse maji.

Halafu akigonga, tafadhali usivute kama unamtoa chewa mwambani. Samaki wangu wa kwanza, wa urefu wa kiganja, nilimvuta kwa nguvu za Deep Sea, pwani kwetu Tanga, akaruka juu ya kichwa changu akaangukia kwenye majani yanayowasha, wenyeji wanayaita thabai, nikaenda kumtafuta humo kwa mikono mitupu. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Nyanyua kiganja tu, basi, mdomo wake mdogo na nailoni ni nyembamba.

Mambo mengine madogo madogo: mwiba wa ndoana, kile kijino kinachozuia isichomoke, ubane kwa plaizi ulale, samaki utamwachia kirahisi na sikio lako pia. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ule utelezi wake ndio kinga yake. Kibali ulizia mapema, na usiingie msituni bila mwenyeji, kuna nyati na tembo kule. Na usijisumbue kuamka alfajiri kama unawahi maji ya bamvua, mie wote niliopata walikuja kuanzia saa nne, jua likishapasha moto wadudu wakaanza kuruka.

Mazoezi nilikuja kufanya huku nyumbani, Raskazone kwenye nyasi, nzi nimemkata ndoana, watoto wamejipanga wananiuliza anko unavua nini. Yanasaidia, msicheke.

Mmoja tulibaki naye tukamla. Shemeji anamkaanga na siagi basi kaishia hapo, mie nikataka mchuzi wa nazi, nikatafuta nazi sokoni nikaipata moja, kuitikisa haina maji. Mwezi wa pili narudi, nazi nabeba mwenyewe.