Shemeji hali samaki mbichi? Msighairi meza ya mgahawani
Kaka, kama shemeji hali samaki mbichi, hiyo meza mliyoweka kwenye mgahawa wa Nikkei huko Lima, Peru, msiighairi. Mapishi ya Nikkei, yaani mchanganyiko wa Kijapani na Kiperu, yanatokana na Wajapani walioanza kuhamia Peru mwaka 1899, na kweli sahani yake maarufu, tiradito, ni vipande vyembamba vya samaki mbichi kwenye mchuzi wa ndimu na pilipili. Lakini jiko halikomei hapo. Waandikie wa mgahawa mapema kwamba hali mbichi, maana ukisubiri mpaka mkae mezani, mlo wa kozi nyingi ushapangwa. Aombe anticucho, mishikaki ya Kiperu (aulize nyama gani, maana ya asili ni moyo wa ng'ombe!). Wewe kula tiradito yako, usimshurutishe kuonja. Na bei ulizia kabla, huko si kwa mama lishe.