Kabla ya Kunoa Visu vya Mashine ya Kukatia Vitambaa, Geuza Bamba

Wiki iliyopita msomaji mmoja, fundi wa Njombe, aliniandikia ujumbe mrefu ambao niliusoma huku moyo ukinidunda, kwa kuwa kila alichokieleza kiliwahi kunitokea. Mashine yake ya kukatia vitambaa, ile ya kuzungusha kwa mkono aliyoletewa na ndugu yake kutoka Marekani, imeanza kuacha nyuzi kwenye pembe za kila kipande, na sasa analazimika kumalizia kwa mkasi kazi ambayo mashine ililetwa ili imwondolee. Mwishoni aliuliza, "Dada, visu hivi vinanolewa wapi?" Nilimjibu usiku uleule kwamba asivipeleke popote. Hapa nitaeleza kwa nini nilimkataza kwa haraka namna ile, ingawa maelezo yenyewe yananirudisha kwenye msimu ambao nisingependa kuukumbuka.

Ninashona Mbeya, jirani na soko la Mwanjelwa, na tangu mwaka 2021 nimekuwa nikitengeneza mablanketi ya viraka vya vitenge, yale yanayotiwa pamba katikati na kupigwa mishono juu yake. Ninyi mnaosoma hapa mnaijua baridi yetu ya Juni na Julai, na mnajua kwamba mgeni kutoka pwani akishalala usiku mmoja Tukuyu haulizi tena sababu ya bei ya blanketi zito. Kwa hiyo mwenye nyumba moja ya wageni aliponiagiza mablanketi 8 kwa mpigo na kunilipa nusu ya fedha mapema, niliona kwamba siku yangu imefika. Kila blanketi lilihitaji viraka 15 kwa 18, yaani 270, na jumla ilikuwa viraka 2,160. Kwa mkasi ningekata mpaka vidole viote sugu, lakini kwa mashine nilijipangia siku mbili.

Kwa asiyeijua mashine hii, muundo wake ni mwepesi. Ina rola mbili na mkono wa kuzizungusha. Kati ya rola hizo hupita kibao chenye visu vilivyosimama wima, vikiwa vimezungukwa na sponji ambayo kazi yake ni kukisukuma kipande kitoke baada ya kukatwa. Juu ya visu unalaza kitambaa, juu ya kitambaa unalaza bamba la plastiki, na rola zinapobana, kitambaa hukatwa kati ya ncha ya kisu na bamba. Kisu hakitembei wala hakisugui kama mkasi. Hukata kwa kugandamizwa tu. Ndiyo maana kimo cha visu lazima kilingane kila mahali, na ndiyo maana mtu akipitisha tupa juu yake, hata kwa nia njema, anapunguza kimo ambacho hakirudi tena.

Mimi hilo sikulijua. Maelezo ya kibao changu yalitaja matabaka 6 ya kitambaa cha pamba, lakini kitenge changu kilikuwa kizito kuliko pamba ile nyepesi ya wenzetu, na leo sipitishi zaidi ya matabaka 4. Siku ile nilipanga 8, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu, niseme ukweli, majirani walikuwa wamekuja kuangalia. Mkono wa mashine ulipokaza niliusukuma kwa uzito wa mwili mzima. Kufikia jioni pembe mbili zilikuwa haziachii, na badala ya kupunguza matabaka nikakibeba kibao hadi kwa mzee mmoja fundi vyuma, mwenye mkono mzuri sana kwa visu vya bucha. Yeye hana kosa lolote, kwa kuwa alifanya nilichomwomba. Kibao kilirudi kinang'aa, na tangu siku hiyo pembe ile iliyopitishwa tupa haikukata hata tabaka moja.

Pigo lililoniumiza zaidi, hata hivyo, halikutoka kwenye visu. Nilimalizia viraka kwa mkasi, nikashona usiku na mchana kwa wiki kadhaa ambazo sina haja ya kuzisimulia, na nilipoanza kuunganisha safu nikaona kwamba mishono haikutani. Nilichukua rula. Viraka vingi vilikuwa vifupi kwa milimita 2 upande mmoja na sahihi upande wa pili. Milimita 2 ni kitu ambacho jicho halikioni, lakini katika safu yenye viraka 15 zinakuwa sentimita 3, na safu moja ikiwa fupi kwa sentimita 3 kuliko jirani yake, blanketi linapinda kama bati lililong'olewa na upepo. Nilivuta, nikapiga pasi, nikayapeleka hivyohivyo. Yule mama aliyaangalia mbele ya wafanyakazi wake, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo ilichoma kuliko matusi, "Fundi, wewe rudi kwenye sare za shule." Niliirudisha fedha yake kwa mafungu matatu. Sare za shule ninazishona hadi leo na sizionei haya, lakini maneno yale bado yananiamsha usiku.

Sababu ya ufupi ule niliielewa miezi kadhaa baadaye. Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wake, na nyuzi za mshindio, zinazokatiza upana. Nyuzi za mshindio hunyumbuka zaidi. Rola zinapokibana kitambaa hukivuta kidogo kuelekea inakokwenda mashine, hivyo ukikilaza huku mshindio ukifuata mwendo huo, kitakatwa kikiwa kimenyooshwa, na kikishatoka kitajirudi na kuwa kifupi. Dawa yake haigharimu hata senti: tafuta ukingo wa kitenge wenye maandishi ya kiwanda, ambao siku zote huenda sambamba na mtande, kisha ulaze ukifuata njia ambayo kibao kinapita kwenye rola. Mimi huongeza wanga na kupiga pasi ya moto kabla ya kukata, na kila mara ninapima kiraka cha kwanza kwa rula kabla sijakata cha pili. Pima kiraka cha kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Sasa nirudi kwa dada wa Njombe na pembe zake. Kabla ya kumlaumu yeyote, mtu akate tabaka moja tu la pamba na aweke alama mahali palipobaki nyuzi. Kisha aligeuze bamba la plastiki, upande wa mbele uwe nyuma, bila kugusa kitu kingine, na akate tena. Ikiwa sehemu isiyokatika imehama pamoja na bamba, bamba limechoka: lina mifereji iliyochimbwa na visu na kisu kinatumbukia humo bila kukutana na kitu kigumu. Ikiwa haikuhama, alirudishe bamba lilivyokuwa na akigeuze kibao chenyewe. Sehemu ikihama na kibao, tatizo liko kwenye visu, na mara nyingi ni nyuzinyuzi na vumbi vilivyojibana kati ya kisu na sponji, ambavyo hutolewa kwa pini na mswaki mkavu. Vumbi letu la Agosti na Septemba mnalijua. Ikibaki upande uleule wa mashine hata baada ya kugeuza vyote viwili, hapo ndipo rola zinapostahili kushukiwa, na katika miaka yangu yote ya kutumia mashine hii hilo halijanitokea.

Bamba ligeuzwe kila baada ya kukata, juu kuwa chini na mbele kuwa nyuma, ili liliwe sawasawa. Likianza kupinda, lilaze mgongo ukiwa juu na rola zitalinyoosha. Usilipige pasi. (Ndiyo, nililipiga pasi, na harufu yake ilikaa kibandani siku mbili.)

Mafundi wenzangu, mniwie radhi kwa ukali, lakini tuna ugonjwa mmoja: kifaa kikitusumbua tunakimbilia kukifungua, kukinoa au kukikaza, kwa sababu tunaona aibu kukiri kwamba tumekibebesha mzigo usio wake. Punguzeni matabaka kwanza. Mtu anayetaka kuwauzia wageni kazi ya viraka, na ninajua wengi wenu ndiko mnakotaka kufika, hawezi kukata kwa kujionyesha. Mimi nilikata kwa kujionyesha na nikalipa mafungu matatu. Mwaka jana niliuza mablanketi 11 na hakuna lililorudi, na mishono yake inakutana hadi pembeni kabisa. Yeyote anayetilia shaka apite Mwanjelwa aje na rula yake.

Kile kibao kilichopitishwa tupa bado ninakitumia. Chini ya pembe iliyopoteza kimo nimebandika ukanda wa karatasi ya kalenda uliokunjwa mara mbili, ambao unaiinua pembe hiyo kiasi cha kukutana tena na bamba, na ukilegea ninaubadilisha. Juzi dada wa Njombe ameniandikia kwamba amegeuza bamba kama nilivyomwelekeza na nyuzi zimehamia pembe za upande wa pili. Nimemwambia aagize mabamba mawili na ayatumie kwa zamu.