Msaada wa mkopo wa nyumba kwa aliyeachishwa kazi Uingereza

Ndugu, umeuliza kama serikali ya Uingereza humlipia mkopo wa nyumba mtu aliyeachishwa kazi. Humsaidia kwa sehemu tu: hulipa riba, tena kwa kiwango inachokipanga yenyewe, juu ya deni lisilozidi pauni 200,000 kwa mwombaji anayepokea Universal Credit (posho ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo), na fedha hizo kwa kawaida huenda moja kwa moja kwa benki iliyomkopesha. Deni la msingi, bima na malimbikizo ya nyuma hubaki juu yake. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba tangu Aprili 2018 msaada huu si ruzuku tena bali ni mkopo wenye riba yake, unaowekewa dhamana nyumba ileile na kurejeshwa nyumba inapouzwa au kuhamishiwa mtu mwingine. Mwombaji husubiri miezi 3. Kabla ya Aprili 2023 ilikuwa 9, muda unaotosha kabisa mtu kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo ningemshauri azungumze na benki mara tu anapopokea barua ya kuachishwa kazi, kwani kupunguziwa malipo kwa muda huwa rahisi zaidi kabla malimbikizo hayajaanza.