Springi za nyuma za gari la zamani: ongeza jani au nunua za orijino?

Mkuu, umesema mkia umekaa chini na fundi anataka akuongezee jani moja (kile kipande cha chuma bapa kinachopangwa juu ya vingine kutengeneza springi), mi nakwambia usikubali kama gari ni ya kutembelea tu na hubebi mizigo. Jani la ziada linaongeza ugumu, na likiwa nene ndo zaidi: ugumu wa jani unapanda kwa unene × unene × unene, yaani ukitoka milimita 7 ukaenda 8 tu, jani hilo limekuwa gumu karibu nusu zaidi, mkia utanyanyuka kweli ila kila kishimo utakisikia mgongoni.

Tafuta seti yenye vipimo vya orijino. Usiishie kuhesabu majani na kupima upana, pima pia kutoka jicho la mbele (ile pete ya mwisho wa springi) hadi senta bolti, ile inayoshika majani pamoja katikati, maana springi nyingi hazigawanyiki sawa, upande wa mbele huwa mfupi, na ikipishana hapo ekseli inasogea na tairi linaanza kulamba bodi. Majicho nayo angalia kipenyo cha bushi, ile mipira inayoingia ndani yake.

Kuna wanaokunja upya zile za zamani, inafanyika, lakini chuma kilichochoka mara nyingi kinarudi kulala, mi singelipia hiyo kazi.

Badilisha springi zote mbili, kushoto na kulia, pamoja na yu-bolti mpya (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), zile za zamani zimeshavutika. Halafu bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya jeki! Lishushe likae kwenye matairi yake kwanza ndo ukaze, la sivyo bushi za mpira zinajipinda na kuchanika mapema.