Bafa ya T7 haikai kwenye barafu

Jumatatu nimemkuta mdogo wetu wa mafunzo akipanga mirija ya unukuzi (kunakili DNA kuwa RNA kwa kimeng'enya T7 RNA polimerasi) juu ya barafu kwa unadhifu wa mtu anayetandika kitanda cha bibi harusi. Nikafumba macho. Haya, sogeeni.

1. RNA polimerasi haihitaji praima, kile kipande kifupi cha kuanzia. Anayetaka kushikwa mkono ni DNA polimerasi. Msiniulize tena praima ziko friji gani.

2. Kateni plazmidi, lile duara la DNA, kwanza. T7 ikipewa duara huzunguka tu, kama boda asiyejua abiria wake anashukia wapi.

3. Bafa, yaani mmumunyo ambamo kimeng'enya hufanyia kazi, ikae mezani. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Kimeng'enya kilikuwa kimetoka ng'ambo, kikapita Entebbe kwenye barafu kavu, na bosi alishanionya kwamba hakuna kingine mpaka bajeti mpya. Nilivyofundishwa, kila kitu cha maabara ni mtoto wa barafu, kwa hiyo nikatumbukiza vyote kwenye ndoo: maji, bafa, kiolezo (DNA ya kunakiliwa). Jeli ya kwanza ya kutazamia RNA, tupu. Ya pili, tupu. Nikasema umeme uliokatika usiku umeua kimeng'enya. Nikamwandikia muuzaji barua pepe kali, hata bosi nikamwekea nakala. Halafu nikaongeza kiolezo maradufu, na kumbe ndivyo nilivyozidi kuharibu.

Jaribio la saba, fundi wetu mkuu, mzee anayezungumza mara mbili kwa wiki, akachukua mrija wangu akauinua dirishani. Ndani kulikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. "DNA yako hiyo," akasema, akaenda kunywa chai.

Spemidini, kemikali iliyomo kwenye bafa, ina chaji chanya. Kwenye baridi hukumbatia DNA mpaka ikatua chini. Polimerasi ilikuwa nzima kabisa, mnyororo wake mmoja wa kilodaltoni 99, ikitafuta promota, mahali pake pa kuanzia kwenye DNA, iliyokwisha kuzama. Nikachanganya upya mezani, kimeng'enya mwisho, kwa muda wa saa mbili kwenye digrii 37. Ukanda wa RNA ukawaka kwenye jeli. Barua ya kumwomba muuzaji radhi ilinichukua siku mbili kuiandika.

4. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, haizimi T7. Kuna mmoja aliitia kama kidhibiti hasi, yaani mrija usiotakiwa kutoa RNA, akashangaa RNA imejaa. Dawa hiyo hushika beta ya polimerasi ya bakteria, ile yenye vipande vingi: alfa mbili, beta, beta prime na omega, na sigma ya kuitafutia promota. RNA hukwama ikiwa na nyukleotidi mbili tatu tu. Nyie mliopita maabara ya kifua kikuu mnajua: GeneXpert, ile mashine ya kupima, ikisema sugu kwa rifampisini, imechungulia kipande cha jozi za besi 81 kwenye rpoB, jeni ya hiyo beta. T7 ni ya virusi, haina hata undugu na hiyo.

5. Glavu: ukishika simu, badilisha.

Na wewe wa Jumatatu, mrija wako nimeuacha dirishani. Njoo uutazame kabla sijaumwaga.