Rangi Imebanduka, Bibi

SWALI: Assalaam aleikum, Bibi. Dada yangu anaolewa baada ya Ramadhani. Nimemnunulia sahani na vikombe vyeupe, nikavichora kwa kalamu za rangi nakshi za milango ya kwetu: maua, minyororo, makuti ya mtende. Vilipokauka vilipendeza mno. Mama akaviosha kwa sabuni na waya wa sufuria, nusu ya nakshi ikaenda na maji. Muuzaji aliniapia hazitoki. Nifanyeje na muda ndio huu?
Wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu, na hongera kwa harusi. Mama usimlaumu, ingawa huo waya uufiche. Tatizo lilianzia dukani. Kalamu isiyotoka kwenye boksi hutoka kwenye sahani, kwa sababu sahani ya kauri imevikwa kioo chembamba kilichoyeyushwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,000. Rangi haina pa kupenya. Inakaa juu tu, na hata hapo juu haikai mpaka iwe ni rangi ya kauri na iokwe.

Soma ubavuni mwa kalamu. Ikiwa ni Pebeo Porcelaine 150 ya Ufaransa, iache ikauke saa 24, kisha uoke kwa nyuzi 150 kwa dakika 35, ukihesabu tangu oveni ilipofika kwenye joto hilo, si tangu ulipowasha. Nyingine zina joto lake na dakika zake, nazo zimeandikwa papo hapo. Ikiwa hakuna neno lolote la kuoka, hiyo ni kalamu ya kuandikia maboksi, mrudishie mwenyewe.

Ulizokwisha kuchora, zifute nakshi iliyobaki kwa pamba na spiriti, uanze upya. Kabla ya kuanza, zioshe kwa sabuni, zikauke, uzipanguse tena kwa spiriti, na baada ya hapo uzishike pembeni tu. Vidole vyetu havikosi mafuta ya nazi, na rangi haipandi juu ya mafuta. Sahani zitie katika oveni ikiwa baridi, zipate moto pamoja nayo. Ukishazima usifungue mlango, ziache humo humo zipoe. Anayetoa sahani ya moto akaiweka juu ya sakafu ya chokaa atasikia mlio wake.

Sasa sikiliza hili, maana najua hukuliuliza. Usichore mahali panapolala chakula. Kuandikwa kwamba rangi haina sumu si sawa na kusema inafaa kuliwa juu yake, na biriani ya moto yenye ndimu, watu wakiikwangua kwa kijiko, siitakii rangi yako. Chora ukingo wa nje, mgongo wa sahani, ubavu wa bakuli. Kikombe kiachie sentimita 2 toka mdomoni. Na hata zikiokwa vizuri, ni za kuoshwa kwa mkono na sifongo laini.

Ukitaka kuchora sahani nzima, basi iwe ya ukutani. Hapa kwetu si jambo geni. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya China vilipangwa humo vitazamwe. Kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Buluu ya vyombo vile vya kale ilichorwa kwanza, kioo kikapakwa juu yake, ndipo vikaingia tanuri. Upepo wa bahari haukuweza kuigusa. Kalamu yako haina ngao hiyo.

SWALI: Bibi, sina oveni. Naweza kuoka kwenye sufuria, makaa juu na chini, kama tunavyooka keki?
Wa Shela ya Malindi

JIBU: Keki utaijua kwa harufu. Sahani utaijua ikishapasuka, au rangi ikishageuka hudhurungi. Makaa hayakupi nyuzi 150 zilizotulia. Tafuta jirani mwenye jiko la gesi lenye oveni, mpelekee zote siku moja, na umlipe gesi yake. Usimpelekee na kaimati ukadhani umemaliza.

SWALI: Nimeombwa niandike Ayatul Kursiy kwenye sahani ya zawadi. Vipi?
Wa Mkomani

JIBU: Ya kutundikwa, andika, nawe uwe na udhu. Ya kulia, mimi nisingeandika. Wazee huandika aya kwa zafarani kwenye kombe, zikaoshwa, mgonjwa akanywa maji yale. Wino ule unakusudiwa utoke. Huu wako unakusudiwa ubaki, kisha juu yake kumwagwe mchuzi na mifupa ya samaki? Muulize na sheikhe wa msikiti wenu. Ila herufi zipime kwanza kwa penseli, kwani Ayatul Kursiy ni ndefu na sahani nyingi humalizika kabla yake. Risasi ya penseli haiungui kwa joto la oveni, basi ifute taratibu rangi ikishakauka, kabla ya kuoka.