Wingifoili kwa mwenye kilo 90 na zaidi: maswali na majibu

Majedwali mengi ya vipimo vya wingifoili, mchezo wa kusimama kwenye ubao unaopaa juu ya maji huku umeshika bawa linalosukumwa na upepo, huandikwa kwa kumfikiria mtu wa kilo 75 hivi. Mwenye kilo 100 akiyafuata hununua ubao unaozama na foili isiyopaa, kisha hujiona hana kipaji. Mwili wake hauna kosa. Maswali yafuatayo yote yametoka kwa wasomaji wenye uzito huo. Ili tuelewane: bawa la mkononi ni lile linalojazwa hewa na kushikwa, foili ni vyote vilivyo chini ya ubao, yaani mlingoti (nguzo inayoshuka majini kutoka kwenye ubao), mhimili (unaounganisha mabawa mawili chini yake), bawa la mbele na bawa la nyuma.

Nina kilo 104 na ndiyo kwanza naanza. Muuzaji anasema ubao wa lita 110 unanitosha kwa kuwa umezidi uzito wangu. Ni kweli?

Hautoshi. Lita 1 ya ujazo hubeba takriban kilo 1, hapo muuzaji yuko sawa, ila ubao haukubebi wewe peke yako. Unajibeba wenyewe, kilo 7 hadi 9; unabeba foili, kilo 4 au 5; unabeba nguo zilizolowa, kofia na fulana. Jumla inakaribia kilo 120. Utakaposimama bila mwendo, maji yatakufika vifundoni au zaidi, na anayeanza hukaa bila mwendo muda mrefu.

Chukua uzito wako, ongeza 30 hadi 40. Kwako ni lita 135 hadi 145. Tazama pia upana: sentimita 75 au 80 hukupa mahali pa kupiga magoti bila kuyumba. Siku hizi kuna mbao ndefu nyembamba zinazoteleza mapema kwenye upepo mdogo, na ni nzuri sana kwa mtu mzito, lakini baada ya kujua kusimama. Kwa anayeanza hupinduka upande kila dakika. Ukishaweza kupaa na kugeuka bila kuanguka, shuka hadi uzito wako ukiongeza 10 au 15.

Ubao wa kujaza hewa tusingekushauri. Ukibeba kilo 100 hupinda katikati, na kila unachokandamiza kwa mguu huchelewa kufika kwenye foili.

Wenzangu wa kilo 70 wanapaa kwa bawa la mita 5 za mraba. Mimi nina kilo 98, nimenunua la mita 7, na bado nalima maji tu. Ninunue la 8?

Usinunue. Tatizo liko chini ya maji.

Nguvu ya foili kukuinua hutegemea eneo la bawa la mbele na mraba wa kasi. Ukitumia bawa la mbele lile lile la mwenzako wa kilo 70, wewe unahitaji kasi iliyozidi yake kwa asilimia 15 hadi 18 ndipo upae, na kasi hiyo inabidi uipate ubao ukiwa bado umelala majini, unaburuta. Hapo ndipo unapokwama. Ongeza eneo na utapaa kwa kasi ile ile anayopaa yeye: akitumia sentimita za mraba 1,500, wewe chukua 2,000. Anayeanza mwenye uzito wako akae kati ya 2,000 na 2,400. Aliyezoea, 1,500 hadi 1,800. Kubwa kupita hapo hugoma kuongeza mwendo, na upepo ukikaza hukuinua hata usipotaka.

Umbo nalo lina neno. Bawa refu jembamba huteleza mbali, lakini hudai kasi kabla ya kuanza kubeba na hukuacha ghafla kasi ikipungua. Anza na la wastani.

Kuhusu la mkononi: la mita 7 ni zito, ncha zake hugusa maji, na kulipiga-piga ili upate msukumo wa kupaa huchosha mabega. Nguvu ya upepo nayo hukua kwa mraba. Upepo ukipanda kutoka noti 12 hadi 15 (noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa), nguvu yake huongezeka kwa zaidi ya nusu, kutoka bawa la mita 6 hadi 7 unapata asilimia 17 tu. Kusubiri noti 3 kuna faida kuliko mita 1 ya kitambaa. Kwako mita 6 kwa noti 13 hadi 18, na 5 kwa 18 hadi 25, zinatosha.

Mlingoti wa alumini au wa kaboni?

Kwa kujifunza, alumini nene ya sentimita 75 inafaa. Ukianza kugeuka kwa kasi utahisi ubao umeinama upande huku foili ikifuata baadaye kidogo: huo ni mlingoti unaojisokota, na uzito wako pamoja na bawa pana huuzidishia. Hapo kaboni ngumu ina thamani ya pesa yake.

Kabla ya kuulaumu mlingoti, kagua bolti 4 za M8 zinazoushika kwenye ubao. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, na uzikaze tena baada ya dakika 10 za kwanza majini. Chembe moja ya mchanga kwenye kiungo inatosha kuleta mtikisiko. Paka grisi ya baharini kwenye nyuzi za bolti na ufungue kila kitu baada ya kutoka, la sivyo chuma na alumini hushikana kwa kutu.

Omo ya ubao (ncha ya mbele) inaruka juu ghafla nikipaa. Nifanyeje?

Sogeza mlingoti nyuma sentimita 1, ujaribu, kisha 1 tena. Mguu wa mbele ukichoka kwa kukandamiza, ni dalili hiyo hiyo. Kasi ikiwepo lakini ubao ukagoma kunyanyuka, sogeza mbele. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila kituo kitie alama ya kalamu kwenye reli, ile mifereji chini ya ubao ambamo mlingoti hufungwa.

Bawa langu la mkononi hukunjika katikati nikilivuta kwa nguvu.

Hewa ni pungufu. Soma kiwango cha juu kilichochapishwa karibu na vali na ujaze hadi hapo kwa pampu yenye kipimo. Mtu mzito hana nafasi ya kupunguza. Usiliache juani likiwa limejaa, hewa hutanuka na mshono hupasuka. Vishikio vigumu, au fimbo moja ndefu, husaidia kuliko vya kitambaa.

Kamba ya ubao ifungwe wapi?

Kiunoni, iwe ya kujisokota kama springi, ndefu kuliko ubao. Ikiwa fupi, ubao hukurudia usoni na foili yake. Vaa kofia. Na fulana ya kukinga mgongano si jaketi la kuokoa maisha.

Pesa zangu zinatosha kubadilisha kitu kimoja tu.

Kama ubao unakubeba, badilisha bawa la mbele. Hakikisha tu linaingia kwenye mhimili ulio nao: viungo vya watengenezaji tofauti kwa kawaida havilingani, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha kiungo kutoka toleo moja hadi lingine.